Upepo wa Breki na Eda ya Mardhiya

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Bagamoyo.

Mimi Dadi Mwishehe, umri sabini na nne kama marehemu mama hakukosea hesabu. Wajerumani wameondoka, mimi nipo. Waingereza wameondoka, mimi nipo. Rupia imekwisha, reli ya trola imeng'olewa, wake wawili nimezika, Mungu awarehemu, na kila daktari aliyenikataza kahawa ametangulia. Mimi nipo.

Daftari hili la kisomo cha watu wazima. Mwalimu anasema mtu aandike mambo yake, mkono ulainike. Zamani niliandika nikiwa benchi moja na mke wangu Mardhiya. Nikikosea ananipiga kiwiko. Sasa hakuna kiwiko. Makosa yatabaki yalivyo.

Mardhiya yuko Pangani kwa kaka yake. Kisa ni mvua. Masika haya nilikuwa na wageni barazani, paa la makuti likavuja, tone likaanguka ndani ya kikombe cha jirani yangu Mwinyimvua. Mardhiya akasema mbele za watu kwamba paa hili hata kunguru wanalionea huruma. Watu wakacheka. Nikatoa talaka. Moja tu. Jioni ile ndipo mwezi wa Mfungo Nane ulipoandama. Yeye mtu mzima, eda yake miezi mitatu. Shaabani ikiandama nami sijamrejea, basi si mke wangu tena. Ataolewa na amtakaye.

Dada yangu Mize anasema jambo lenyewe dogo. Nisimame mbele ya watu wawili wenye akili zao, niseme nimemrejea mke wangu, kisha habari ipelekwe. Hata kuvaa viatu sina haja. Nimemwambia hayo ni ya mtu asiye na kitu. Siku Mardhiya anapanda basi niliapa, stendi nzima inasikia: sikurejei ila ndani ya nyumba isiyovuja. Nami kiapo changu sikivunji.

Na nyumba ninayo. Imeegeshwa ubavuni mwa ukuta wangu. Ina magurudumu sita na injini ya dizeli. Ndani kitanda, jiko, kabati, bomba la maji, na juu paa la bati nene. Mzungu wa ndevu nyekundu alikuja nayo kutoka huko kaskazini, homa ikamshika, wakamrudisha kwao kwa ndege. Aliuliza nani hapa anajua magari. Nikasema mimi. Kaniachia ufunguo, kasema niwashe injini kila wiki isilale. Hakusema nisiende nayo Pangani.

Nitasimama mlangoni kwa kaka yake, nipige honi, nishushe ngazi. Yeye apande. Ndani mle nitamke.

Leo nimeanza kuitengeneza nyumba. Juu ya kitanda nimepigilia msumari wa inchi nne, nikatundika kioo cha Mardhiya, kile chenye ufa pembeni. Alikiacha. Mwanamke anayeacha kioo ana nia ya kurudi. Ukuta ni ubao mwembamba, lakini msumari umeingia vizuri, umepata kitu cha kushika huko nyuma.

Jumatano, 7 Agosti.

Injini imeitika mara moja. Mbuzi wa Mwinyimvua kakata kamba. Nikaketi kwenye usukani, kanzu safi, kofia ya sikukuu, njia yote naiona: Msata, daraja la Wami, Segera, Muheza, kisha kuteremka Pangani kwenye minazi.

Nyumba haikusogea.

Gari hili breki zake za upepo. Injini inapuliza upepo kwenye matangi, upepo ukitosha ndipo magurudumu yanaachiwa. Mbele ya usukani kuna saa ya kuonyesha. Mshale ukivuka nyekundu, nenda. Mshale wangu ulipanda ukafika kwenye nyekundu ukakaa hapo. Nikakanyaga mafuta. Ukatetemeka tu. Kengele ikalia bila kupumzika, kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Mimi nimeendesha lori la katani huko Pangani, halina upepo, halina kengele. Breki yake utingo mwenye gogo. Napiga honi, utingo anaruka, gogo chini ya gurudumu. Siku moja utingo kasinzia. Lori likasimama kwenye ukuta wa baba yake Mardhiya, na nusu ya ukuta ikasimama ndani ya lori. Nikaenda kuomba radhi. Nikaenda tena kuomba radhi. Safari ya tatu mzee akasema, huyu haji kwa ajili ya ukuta. Ndivyo nilivyooa.

Kwa hiyo breki si kitu cha kunitisha.

Mize kasema nimwulize Muhidini, dereva wa basi la Dar, basi lake nalo la breki za upepo. Muhidini? Nimemshikisha usukani mimi, hana hata ndevu. Mwalimu hamwulizi mwanafunzi.

Ijumaa, 9 Agosti.

Nimeingia uvunguni. Chini ya matangi kuna vikoki vya kutolea maji. Nimevifungua, yakatoka maji yenye mafuta, rangi ya mchuzi wa papa. Nikajua ndiyo maradhi. Nimevifunga, nimewasha. Mshale pale pale.

Habari mbaya. Mize kakutana na mtu aliyetoka Pangani. Yuko mgane mmoja huko, Alawi, mwenye minazi na duka. Kila alasiri anapita barazani kwa kaka yake Mardhiya na sahani ya halua. Mwanamke aliye edani haposwi, Alawi anajua. Kwa hiyo haposi. Anazungumza habari za bati lake jipya. Jinsi mvua inavyolia juu na chini kukavu.

Hiyo ni posa. Mimi nimeoa mara tatu, naijua posa.

Nimeuliza Mardhiya anajibu nini. Mize kasema anajibu alhamdulillahi. Nimemwuliza, alhamdulillahi ya namna gani, ya kufunga maneno au ya kukaribisha? Kasema, kaka, mimi sikuwapo, lakini ulimi unao, sema neno. Nikamwambia ulimi ninao, kiapo pia ninacho.

Jumapili, 11 Agosti.

Nimemwita Mwinyimvua. Jirani yangu, rafiki yangu, fundi kalafati, kazi yake kuziba nyufa za vyombo vya baharini. Hakuna chombo pwani hii kilichopita mikononi mwake kikaingiza maji. Nimemwambia kisichoingiza maji hakitoi upepo. Kafikiri, kakubali.

Kaja na nyundo yake ya mti, patasi, pamba na mafuta ya papa. Tukatega masikio chini ya gari. Tukasikia mahali panapumua: kila nikikanyaga breki na kuachia, tundu moja dogo linasema fsss. Mwinyimvua akasema mwizi ndiye huyu. Akasokota pamba, akaichovya mafuta, akaishindilia kwa nyundo, akapaka na chokaa juu. Kazi safi, hata wewe ungeipenda, Mardhiya.

Fsss ikanyamaza. Mshale haukupanda. Mwinyimvua kasema subira, pamba hukaza ikinywa maji, ndiyo desturi. Tukamwagia ndoo tatu. Tukangoja inywe.

Jioni magurudumu ya nyuma yamekaza kabisa, hata kutikisika hayatikisiki. Nyumba nzima inanuka papa. Mwinyimvua kasema kwa upande wa bahari sasa gari hili ni salama.

Jumanne, 13 Agosti.

Nimekwenda stendi. Si kumwuliza Muhidini. Nimekwenda kununua kahawa, na Muhidini alikuwapo.

Kaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Nikazungumza mambo ya nazi. Kisha nikasema yuko rafiki yangu mmoja, mtu wa Miono, humjui, gari lake mshale haupandi. Muhidini akauliza rafiki huyo lori lake la nini. Nikasema la mahindi. Akauliza lina kitanda? Stendi yote ikaangua kicheko. Nikasema watu wa Miono siku hizi wameendelea.

Hata hivyo kasema. Mwambie rafiki yako apake povu la sabuni kwenye kila paipu na kila kiungo, injini ikiwaka. Panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Kisha akasema, mzee Dadi, nikirudi safari nipite nimwangalie huyo rafiki? Nikasema hana haja.

Alhamisi, 15 Agosti.

Sabuni dukani hakuna. Nimechukua kipande cha Mize alichofichia sikukuu. Nimepaka povu gari zima kwa nje: paipu, matangi, magurudumu, hata taa. Hakuna bubujiko hata moja. Ndani sikupaka. Ndani ni nyumba, paipu zitafuata nini?

Mize kaiona sabuni yake juu ya taa. Kasema maneno. Kasema tena Mardhiya kanivumilia miaka thelathini, na kama ni halua aile.

Nimejilaza kitandani kwenye nyumba ya magurudumu. Kitanda kizuri, bado kinanuka papa kidogo. Nimejitazama kwenye kioo. Uso mmoja tu. Zamani asubuhi tulikuwa wawili kwenye kioo hiki, mimi nafunga kilemba, yeye ananisukuma kwa bega apate kupaka wanja. Kioo kidogo, na nikilalamika anasema wewe uso wako watu wameshauzoea.

Ijumaa, 16 Agosti.

Sikukuu ya Miraji. Msikitini pamejaa. Nimemwomba Mungu mambo mawili, upepo na Mardhiya, nikaanza na upepo kwa kuwa ndio njia.

Baada ya sala imamu kanivuta pembeni. Kauliza ile eda inaisha lini. Nikamwambia Shaabani ikiandama. Kasema Rajabu imezeeka, mzee Dadi, watu wawili hawa hapa, sema. Nikamwambia kiapo. Kasema kiapo kina kafara yake, lisha maskini, kiishe. Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Mtu akisharudi nyuma mbele ya stendi, anaanza kuitwa mzee wa watu. Na kuna jingine, ambalo silisemi kwa imamu. Nataka kumwona uso wakati nalitamka neno. Nikilitamka hapa, litakwenda Pangani kwa miguu ya watu, lifike limechakaa. Nataka liwe langu mdomoni na lake sikioni.

Chakula cha leo nimepika mwenyewe. Pilau. Sisemi zaidi.

Jumapili, 18 Agosti. Rajabu ishirini na tisa.

Leo mwezi unatafutwa. Tangu alfajiri niko chini ya gari. Nimekaza kila kilicho na meno ya kukazwa. Adhuhuri mshale bado kwenye nyekundu. Hata ukipanda sasa, Pangani haifikiki kabla ya magharibi. Sikumwambia mtu hilo. Niliendelea kukaza.

Alasiri Muhidini kaja na spana zake, hakuitwa. Mwinyimvua alikuwapo, amekaa kwenye ngazi. Muhidini kaingia uvunguni, kakuta pamba na chokaa. Akauliza kazi hii ya nani. Mwinyimvua akasema yangu, imekaaje? Akasema imekaa vizuri sana, Mzee Mwinyimvua, ila hii ni pua ya breki, hapa ndipo zinapopumulia, mmeliziba gari pua. Akachokonoa pamba yote. Magurudumu yakalegea.

Mshale lakini haukupanda. Akaniambia nizime injini, kila mtu anyamaze. Mwinyimvua akazuia hata kikohozi. Muhidini akatembea nje akisikiliza, akaingia ndani, akapanda juu ya kitanda na viatu vyake, akaweka sikio kwenye kioo cha Mardhiya.

Akakishusha kioo. Msumari ukawa unaimba, sauti nyembamba kama mbu.

Akauliza huu msumari uliukuta? Nikasema ndiyo. Mwinyimvua akasema, Dadi, mimi ndiye niliyekuazima nyundo.

Basi walicheka. Muhidini alikaa chini sakafuni. Kasema Wazungu wamepitisha paipu ya breki za nyuma ndani ya ukuta, na mimi nimeitoboa katikati kama mtu aliyepimiwa. Akaubandua ubao pembeni, akang'oa msumari, upepo wote uliobaki ukatoka usoni pangu. Akaniambia weka kidole gumba hapo, bonyeza. Akaenda kuwasha injini. Akapiga ukelele, mzee Dadi, mshale unapanda. Kengele ikanyamaza. Mara ya kwanza tangu nianze. Nyumba ikawa kimya, injini inanguruma chini kwa chini, na mimi nimepiga magoti kitandani, kidole ukutani.

Nikasema tuondoke sasa hivi. Muhidini kasema kwenda wapi, mzee, kidole chako utakiacha Bagamoyo? Paipu ya kuungia iko Dar, nitakuja nayo kesho. Dirishani jua lilikuwa limegusa paa la Mwinyimvua. Pwani nasikia watoto wameanza kukusanyika kutazama mwezi.

Nilikitazama kioo, kimelala kitandani kinaangalia dari.

Mwinyimvua akaingia, akakaa karibu nami. Akaniuliza taratibu, Dadi, uliapaje? Nikamjibu, ndani ya nyumba isiyovuja. Akatazama juu kwenye bati. Akasema mvua haiingii hapa. Akatazama kidole changu. Akauliza, na upepo, unatoka? Nikasema hautoki. Akamwita Muhidini aje asimame mlangoni. Akasema, basi nyumba ndiyo hii, haivuji juu wala ubavuni, na sisi wawili tupo. Kidole kitachoka, ndugu yangu. Sema.

Nikasema. Nimemrejea mke wangu Mardhiya. Sauti ilikuwa ndogo, Muhidini akasema hakusikia kwa sababu ya injini. Nikasema tena, kwa nguvu. Mara ya pili walisikia wote wawili.

Nikakitoa kidole. Upepo ukatoka wote. Ndipo muadhini akaadhini magharibi, na kabla hajamaliza watoto wakapiga kelele pwani: mwezi.

Jumatano, 21 Agosti.

Jumatatu nilipeleka simu ya maandishi kwa kaka yake. Karani wa posta alinisaidia kupunguza maneno. Nilitaka kutaja kioo, kidole, mshale na bati. Yakabaki: Nimekurejea. Mashahidi wapo. Nakuja na nyumba.

Leo jibu limefika. Karani kanisomea, nikamwambia asome tena, kisha nikasoma mwenyewe, kwa herufi alizonifundisha Mardhiya. Linasema: Nimesikia alhamdulillahi. Ezeka kwanza. Gari usilete ukuta ni mpya.

Nimelikunja, liko mfukoni. Nimelitoa mara kadhaa kuona kama limeongezeka neno.

Alhamdulillahi ile ni ya kukaribisha. Mize naye kakubali. Alawi, nasikia, halua yake anakula mwenyewe.

Mize anasema sasa hakuna kilichobaki ila paa. Makuti yako Mapinga tele, vijana watapandisha, siku moja paa limekwisha, Mardhiya karudi. Mwinyimvua anasema vivyo hivyo. Hata Muhidini, na hakuulizwa.

Hawamjui. Mwanamke akisema usilete, anaona haya kusema lete.

Jumamosi, 24 Agosti.

Muhidini ameunga paipu kwa shaba. Nimewasha, mshale umevuka nyekundu, ukapanda juu kabisa, ukakaa kama mfalme. Nimeipeleka nyumba mpaka stendi na kurudi. Imesimama kila nilipotaka isimame. Watu wameona.

Wingu dogo limepita, likanyunyiza kidogo. Nikaingia nyumbani kwetu nikalikuta lile tundu la juu linadondosha kwenye bakuli la Mardhiya, bakuli la kukingia, ambalo sijaliondoa mahali pake. Tone, kisha tone. Nilikaa nikisikiliza mpaka likakoma. Yeye alikuwa akisema ukiyasikiliza sana yanasema jina lako. Mimi nimesikia la kwake.

Makuti yanaweza kungoja. Kesho alfajiri naondoka. Nitapiga honi mbali na ukuta.

Kila kitu kiko tayari. Bakuli nimelipakia, kioo nimekirudisha, safari hii kwa uzi, kwenye kishikizo cha kabati. Halafu nikaona jambo moja tumelisahau sote. Kanga zake. Akifika atatundika wapi kanga zake? Nimeazima tena nyundo ya Mwinyimvua. Ukuta wa upande wa pili, ambako hakuna paipu, maana paipu iko upande ule. Msumari wa inchi nne. Umeingia vizuri, umepata kitu cha kushika.

Kuna sauti ndogo tangu hapo. Ni upepo wa kusi huo, unapita dirishani.

Niliyoyaandika ni kweli. Asiyeamini amwulize Mwinyimvua kalafati, aliyekuwa karibu yangu kitandani nilipotamka, au Muhidini dereva, aliyesimama mlangoni. Muhidini atapatikana hapa hapa kwangu, nimemtumia mtu aje na spana. Si kwa ajili ya ile sauti. Aje tu aniage.